Mzungumzaji Ambaye Solveig Hakumtaka

Wazungumzaji wa kulipwa wananitia kichefuchefu, na nalisema hilo mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani. Simsemi mtu anayelijua jambo akasimama kulieleza. Nawasema wale wenye kipaza sauti kilichobandikwa shavuni na raba nyeupe miguuni, wanaotembea jukwaani huku na huku wakituambia sisi tunaotengeneza milango kwamba kila mlango unaofungwa ni nafasi mpya. Mlango ukifungwa umefungwa, na kama haukufungwa vizuri mteja anaturudishia.

Habari hii ni ya Solveig Rydell. Kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyetuchagulia mtu wa kuzungumza kwenye sherehe ya mwaka ya kiwanda, na hakuwahi kutuletea hata mmoja wa aina hiyo mpaka mwaka jana, tulipomshinda. Nasema tulipomshinda maana nami nilikuwamo. Naitwa Roland, ni msimamizi wa stoo na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na katika habari hii sina pa kujificha.

Solveig aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na tisa, akawekwa kwenye kupiga msasa. Vumbi la mwaloni likamla mikono hadi ngozi ikachanika, ndipo wakampeleka ofisini kwa muda tu, na huo muda umekuwa miaka thelathini na minane. Ni mwanamke mfupi, nywele hujikata mwenyewe, na sweta yake ya kijivu haivui kiangazi wala masika kwa sababu, anasema, pale mapokezi kuna upepo. Anapokea simu, anaagiza mashada ya mazishi, anajua mtoto wa nani amelazwa na nani hapaswi kuulizwa habari za mkewe. Bila yeye kiwanda kile kingekuwa kimeshasambaratika, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Kazi ya kumtafuta mzungumzaji aliipata kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Akaifanya kwa namna yake. Hakumwalika mtu kabla ya kwenda kumsikiliza mwenyewe, popote alipo, kwenye ukumbi wa kanisa au maktaba ya mji wa pili, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Huko alitazama mambo mawili. La kwanza, kama mtu huyo anamwona yule anayemletea maji ya kunywa. La pili, kama anajua kitu chochote zaidi ya nafsi yake.

Kwa hiyo tuliletewa mkunga mstaafu. Tuliletewa dereva wa greda la theluji. Mwaka mmoja akaja bibi anayekarabati vinanda vya makanisa, mkavu kama ukuni, akazungumza saa nzima juu ya jinsi mbao zinavyolia zikikaushwa vibaya, na wafanyakazi mia na themanini wakakaa bila kukohoa. Zoran wa idara ya rangi, ambaye hakuna kitu kilichompendeza tangu aje kutoka Yugoslavia, alitoka akisema, "Huyo mama apewe kiwanda." Malipo ya bibi yule yalikuwa chakula cha mchana na mlango mmoja wa mbele, aliouchagua mwenyewe.

Mwaka jana kiwanda kilitimiza miaka sabini na mitano. Tulikuwa tumepata mkurugenzi mpya, Staffan, kutoka Göteborg, mtu wa tabasamu la saa zote, na mkuu mpya wa mawasiliano, Jannike, ambaye hadi leo sijajua anawasiliana na nani. Ikaundwa kamati ya sherehe: hao wawili, Zoran, Solveig na mimi. Tulikutana Alhamisi baada ya supu ya njegere, na Jannike akafungua kompyuta kutuonyesha orodha aliyotumiwa na wakala.

Wakala huyo anakodisha watu kama wengine wanavyokodisha mahema ya harusi. Kila mtu ana picha yake, meno yake na somo lake. Kulikuwa na bwana aliyepoteza vidole vya miguu mlimani, sasa anafundisha uongozi. Kulikuwa na mama aliyefilisika mara tatu, anafundisha ujasiri. Mwingine aliugua saratani akapona, na chini ya picha yake wameandika kwamba anafaa zaidi baada ya chakula cha mchana. Nilitamani kunawa mikono.

Solveig alikuwa na mtu wake tayari. "Kuna mzee mmoja Jönköping," alisema, "ametengeneza makufuli miaka hamsini. Nimemsikia mara mbili. Anachekesha, na ana akili."

"Makufuli, Solveig?" Jannike akacheka. "Jamani, hii ni jubilei, siyo mnada wa vitu vya marehemu. Wake na waume wamealikwa, gazeti litakuja. Tunataka watu walie."

"Walie kwa nini?" Zoran akauliza. "Chakula ni kibaya?"

Jannike hakumjali. Alisukuma picha juu, juu, mpaka akasimama kwa bwana mmoja aliyekunja mikono ya shati. "Huyu sasa. Pontus Ekenstam. Kila mtu anamtaka."

Hapakuwa na mtu wa huku pale mezani asiyelijua jina hilo. Miaka tisa iliyopita kampuni moja kubwa ilinunua kiwanda cha viti kilichokuwa kilomita ishirini kutoka kwetu, ikakaa nacho mwaka na nusu, kisha ikamtuma Pontus Ekenstam kukifunga. Watu tisini na wanne walipoteza kazi siku moja. Mmoja wao alikuwa Börje, mume wa Solveig.

"Lakini si yeye aliyefunga kule?" nilisema.

"Ndiyo utamu wenyewe!" Jannike akasema. "Kazi ilimchosha mpaka akaugua baada ya hapo, akaacha yote, akajitafuta. Sasa anazunguka nchi nzima akizungumza juu ya hayo. Hebu fikiria, anarudi hapa, mnyenyekevu, mbele ya watu wa hapa hapa. Ni maridhiano, Roland."

Staffan akasema ni wazo la kijasiri. Solveig alikuwa akiutazama mkono wake juu ya meza. Akasema angependa kwenda kumsikiliza kwanza, kama kawaida yake, na kwa kuwa hakuna awezaye kumkatalia mtu jambo la heshima namna hiyo, tukakubaliana kuamua baada ya wiki mbili.

Hapa lazima nieleze jambo la Börje ambalo watu wawili tu walilijua, mkewe na mimi. Mimi nililijua kwa sababu kila vuli tunapasua kuni pamoja, na mwaka mmoja aliweka shoka chini akanieleza.

Siku ile ya kufungwa kwa kiwanda, Pontus aliwakusanya kwenye karakana, akasoma karatasi kwa dakika saba, kisha akaenda kusimama mlangoni ili ampe mkono kila mmoja anapotoka. Watu wakapanga foleni. Ndiyo, walipanga foleni, sisi ndivyo tulivyo. Wengi walimpita wakitazama sakafu. Börje alipofika, mkono ulinyooshwa mbele yake, naye akaushika, akamwangalia yule mtu machoni na kusema, "Asante sana."

Miaka thelathini na mmoja amekunja mbao za viti kwa mvuke, anafukuzwa, na anashukuru. Kuna msemo kwamba shukrani ya punda ni mateke. Börje alipigwa mateke yeye na bado akashukuru. Kwetu tunamshukuru dereva wa basi, tunamshukuru daktari wa meno akiwa bado na koleo mkononi, tukikutana na mtu tunamshukuru kwa wakati mzuri wa siku tulipoonana mara ya mwisho. Neno lilimtoka kabla hajajua. Alipofika kwenye maegesho akatapika kando ya gari.

Tangu hapo Börje hampi mtu mkono. Kwenye kahawa ya kanisani utamkuta kashika kikombe mkono huu na sahani mkono huu, na watu wanamwona mtu wa maringo. Alipata kazi ya kuwaendesha watoto wa shule kwa teksi, watoto hawapeani mikono, inamfaa. Alimwapisha Solveig asimwambie mtu kamwe. Mimi nami niliapa, nimeshika kigogo cha mti mkononi.

Basi Solveig na mimi tukaenda kumsikiliza Pontus. Nilimwendesha mimi kwa sababu barabara zilikuwa na barafu. Alikuwa anazungumza mchana hotelini mjini Växjö, mbele ya wenye maduka, nasi tukapewa viti vya nyuma. Binti mmoja akamletea maji jukwaani. Pontus aliipokea glasi bila kugeuza shingo.

"Moja," Solveig akaninong'oneza.

Alizungumza juu ya nafsi yake dakika hamsini. Usingizi wake, moyo wake kwenda mbio, mkewe kuondoka, kutembea kwake peke yake msituni. Watu tisini na wanne aliwataja mara moja, kama hali ya hewa. Halafu akashusha sauti. Akasema kulikuwa na mfanyakazi mmoja, siku ile, mzee wa miaka thelathini na mmoja kazini, aliyeushika mkono wake akamtazama machoni na kusema asante. "Mtu yule alinisamehe," alisema, "kabla mimi mwenyewe sijajisamehe. Mkono ule ndio ulioniokoa." Akapangusa jicho moja. Nyuma yake, kwenye skrini, ikatokea picha ya mikono miwili imeshikana, mikubwa kama matrekta.

Nilimtazama Solveig. Alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Tulitoka watu wakipiga makofi.

Tulivuka mji. Kisha akasema, "Anauza mkono wa mume wangu."

"Hatakuja kwetu," nikasema.

"Mimi nikikataa wataniuliza kwa nini. Nitasema nini, Roland? Nimeapa. Lakini wewe ni mtu wa chama. Wewe ukisema chama hakimtaki aliyefunga kiwanda cha wenzetu, hakuna atakayekuuliza zaidi. Sema wewe."

"Nitasema. Acha wasiwasi."

"Utasema kweli?"

"Solveig, wewe! Umenijua miaka mingapi? Nitasema."

Alinishukuru. Aliniwekea andazi la iliki juu ya dashibodi, alilokuwa amelifunga kwenye karatasi, nikalila.

Kikao cha pili kikawa Alhamisi, wiki mbili baada ya kile cha kwanza. Kwetu jambo haliamuliwi kwa kubishana. Tunazunguka meza, kila mtu anasema lake bila kukatizwa, kisha mwenyekiti, safari hii Jannike, anauliza, "Je, tunaamua hivyo?" wote wanajibu "Ndiyo" na yeye anagonga meza kwa kalamu. Swali la nani anapinga haliulizwi. Nimekaa kwenye vikao miaka thelathini nimelisikia mara moja tu, tulipokuwa tunaamua kuhusu mbwa wa mlinzi.

Alianza Staffan. Alisema hisia zake zinamwambia Pontus anafaa sana. Zoran akasema, "Mimi hewala, alimradi asizidishe saa moja, ile keki yetu ya mkate uliopangwa uduvi haipendi kusubiri, uduvi unanuka." Jannike akasema yake, ndefu. Halafu ikafika zamu ya Solveig.

"Nimemsikia," alisema. "Nina wasiwasi kidogo."

Asiye wa kwetu hataelewa, lakini neno hilo kutoka kwa Solveig lilikuwa sawa na mwingine kurusha kiti dirishani. Sote tulilisikia. Staffan akaacha kutabasamu nusu dakika nzima.

"Wasiwasi ni mzuri!" Jannike akasema. "Unaonyesha jambo lina uzito. Asante kwa kutuambia, Solveig. Roland?"

Solveig hakunitazama, alikuwa ananiamini. Sikuhongwa, sikutishwa, hakuna aliyenishikia kisu. Kahawa ilikuwa imekwisha, watu watatu walikuwa wamekubali, mambo yalikuwa yanakwenda kwa ulaini, na Staffan alinitazama kwa urafiki. Nilikuwa na sentensi yangu tayari, nimeifanyia mazoezi kwenye gari. Nikaufyata ulimi. Nikasikia sauti yangu inasema, "Naam, labda inaweza kuvutia."

"Je, tunaamua hivyo?"

"Ndiyo," tukasema. Kalamu ikagonga.

Solveig alikusanya vikombe kama siku zote. Nilibaki nyuma nikitafuta la kumwambia, nikaumauma maneno kuhusu hali ilivyokuwa, kuhusu Staffan kuwa mgeni na chama kutotaka kuanza naye vibaya. Alikuwa amefungulia maji. Aliponigeukia, alisema, "Usisahau kofia yako, Roland." Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Yaliyotokea nyumbani kwao nilielezwa na Börje mwenyewe baadaye. Alikuwa ameshaiona kadi ya mwaliko na jina la Pontus juu yake, na alikuwa amesema atakwenda. Miaka tisa hakuwa amekwenda popote penye watu, na sasa anapiga pasi shati. "Nisipoonekana mimi mume wako kwenye jubilei, watasema namkimbia," alimwambia mkewe. "Simkimbii. Sitamsogelea tu." Solveig alizunguka na lile jambo wiki tatu. Jumapili ya mwisho, walipokuwa mezani wanakula heringi na viazi vipya, akamweleza yote: mkono, skrini, jicho la kupangusa.

Börje aliweka uma chini. "Anasema nilimsamehe?"

"Ndivyo anavyosema."

"Mbele za watu?"

"Nchi nzima, Börje. Miaka mitano sasa. Usiende. Tuseme unaumwa."

"Nisipokwenda ataongea peke yake," Börje akasema. "Nikienda, nitamwambia hapana. Neno moja tu. Nimelibeba miaka tisa, mke wangu, acha nikalitue."

Akamaliza viazi vyake vyote. Solveig alisema hakuwahi kumwona anakula vile tangu kiwanda kifungwe.

Sherehe ilikuwa Jumamosi moja mchana, mwezi Mei, kwenye ukumbi wa jamii. Meza zilipambwa, bendera ndogo, keki za mkate ndefu zenye uduvi na limau. Solveig alikuwa amepanga kila kitu, viti, taa, maegesho, na yeye ndiye aliyepanda jukwaani kumkaribisha mzungumzaji. Alisoma jina lake na saa atakayomaliza. Hakuongeza neno, akashuka kwenda kusimama kando ya pazia.

Mimi nilikaa meza moja na Börje. Alikuwa ameniinamishia kichwa tu kwa salamu, mikono chini ya kitambaa cha meza. Hakujua kuhusu kikao. Solveig hakuwa amemwambia kuwa nilikuwa nimeahidi, na jambo hilo lilinikaa shingoni zaidi kuliko kama angemwambia.

Pontus alianza. Usingizi, moyo, msitu. Lakini kwa kuwa alikuwa jirani na mahali penyewe, hadithi ilikuwa imetiwa chumvi. Sasa yule mfanyakazi alikuwa na machozi. Sasa alikuwa amemshika Pontus bega. Sasa alikuwa amesema, "Umefanya ulilolazimika kufanya." Wanawake walianza kutafuta leso. Staffan alikuwa ameinamisha kichwa kana kwamba yuko kanisani. "Sijui yuko wapi leo," Pontus akasema, "lakini kama ningekutana naye..."

Börje alisimama. Kiti chake kilikwaruza sakafu, ukumbi mzima ukageuka.

"Ni mimi," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Sikukusamehe. Hapana. Nilisema asante kwa sababu ulininyooshea mkono. Sikulia, na begani sikukushika. Naomba uache kunisema."

Nilifikiri, imekwisha, amelitua. Na kwa sekunde tano hivi nilijiona na mimi nimesamehewa.

Lakini Pontus Ekenstam si mtu wa kuachia sekunde tano zipotee. Uso wake ulikunjuka kidogo kidogo, macho yakalowa yote mawili safari hii, akashuka ngazi za jukwaa mikono imefunguka. "Ni wewe," akasema, na kipaza sauti cha shavuni kikalisambaza ukumbi mzima. "Ni wewe. Miaka tisa nimekutafuta." Akamkumbatia. Börje alisimama wima, mikono inaning'inia. "Mpigieni makofi mtu huyu," Pontus akasema juu ya bega lake. "Huu ndio ujasiri. Hata hasira yake ni zawadi, naipokea."

Wakasimama. Meza baada ya meza, watu niliofanya nao kazi miaka yote, watu wema, walisimama wakilia na kupiga makofi. Walidhani imepangwa. Walidhani ni zawadi ya jubilei, kwamba kiwanda kimewaletea maridhiano yakiwa bado moto. Simu zikainuliwa juu kupiga picha. Zoran peke yake alibaki ameketi, akasema kwa lugha yake neno ambalo halikuhitaji tafsiri.

Mimi nilisimama. Nilipiga makofi. Kama ningekaa watu wangeniona.

Solveig alipita kando ya ukuta, akapenya kati ya viti mpaka akawafikia. "Mwachie mume wangu," alisema.

"Na huyu ndiye mkewe!" Pontus akatangaza, akanyoosha mkono kumvuta na yeye. Makofi yakazidi. Solveig aliutoa mkono ule kwenye sweta yake kidole kimoja kimoja, akamshika Börje kiwiko, wakatoka kwa mlango wa jikoni. Börje alikuwa anatazama sakafu. Watu walimpigapiga mgongoni akipita, wakimwambia hongera.

Jumatatu asubuhi tulikuwa chumba cha kahawa, Solveig anapanga vikombe, mimi karibu na dirisha. Nilikuwa nimefika mapema ili nimwombe radhi, na nilikuwa sijamwomba. Staffan akaingia na tabasamu lake.

"Solveig! Mjanja wewe! Ulijua kumbe, ukatuficha? 'Nina wasiwasi kidogo,' eti! Nimekaa kwenye sherehe za kampuni miaka ishirini, sijaona kitu kama kile. Pontus amenipigia mwenyewe, anasema anataka kuweka tukio lile kwenye hotuba yake, anauliza kama Börje angekubali kusafiri naye mara moja moja. Mwambie Börje. Na mwakani, tafadhali, tutafutie mwingine kama huyu."

Solveig aliweka kikombe alichokuwa nacho.

"Hapana," alisema.

Staffan alingoja mwisho wa sentensi, kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angengoja. Sentensi haikuwa na mwisho mwingine. Solveig alimtazama tu, kisha akajivutia sweta yake kifuani, akarudi mapokezi ambako simu ilikuwa inaita.

Staffan alicheka kidogo, akageuka kutafuta mtu chumbani.

"Basi, Roland," akasema, "wewe unaweza kututafutia wa mwakani?"

Nikasema naweza.